Blanketi la Bizari: shajara ya fundi cherehani na farasi mmoja wa Limuru

3 Juni

Asubuhi mzee saisi, mtunza farasi wa tajiri, aliingia dukani amebeba mgongoni kitu kama hema lililoangukiwa na mti. Akakitua juu ya meza yangu ya kukatia, juu kabisa ya sare za shule za watu. Lilikuwa blanketi la farasi, la kutoka ng'ambo, lenye matope na nywele nyekundu. "Fundi," akasema, "hili linamla Bizari mabega. Tajiri anauliza kama unaweza kushona lingine."

Bizari ni farasi jike wa miaka 22. Zamani alikimbia mashindano kule Ngong. Siku hizi kazi yake ni kula na kuzeeka. Nilimwambia mzee sijawahi kushonea mnyama yeyote, hata mbwa. Akanijibu kwamba hata mimi nilianza kwa kushona sketi kabla sijajua suruali.

Nililikagua lile la zamani kabla sijakubali. Kitambaa kilikuwa kizuri kuliko chochote nilicho nacho, mishono imelala vizuri, bizimu zote zimekaa. Ila upande wa ndani, mahali panapogusa ncha za mabega, bitana imeng'aa na kujaa nywele zilizokatika. Na pale juu kwenye kigongo, yaani mfupa unaochomoza shingo inapokutana na mgongo, pamekandamizwa mpaka pakawa kama kadibodi. Lebo ina namba mbili, 6'3" na 145. Futi 6 na inchi 3 ni inchi 75, karibu sentimeta 190. Sasa hiyo 145 ni ya nini? Nilikaa na swali hilo siku nzima.

5 Juni

Nimepanda kwa tajiri kupima. Kwanza nimeelewa lebo. Waingereza hupima kuanzia katikati ya kifua, wakazunguka bega na kwenda ubavuni mpaka mwisho wa paja la nyuma. Watu wa bara Ulaya hupima juu, kutoka kwenye kigongo hadi mkia unapoanzia. Kwa hiyo namba zote mbili ni za blanketi hilohilo, ila moja ni ya ubavu na nyingine ni ya mgongo.

Kosa langu la kwanza nililifanya hata kabla ya kumgusa farasi. Mzee alisema Bizari ana urefu wa "kumi na tano nukta tatu". Farasi hupimwa kwa kiganja, na kiganja kimoja ni inchi 4. Nikatoa simu nikazidisha 15.3 mara 4, nikapata inchi 61 na kidogo. Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Hiyo nukta si desimali. Maana yake ni viganja 15 na inchi 3 juu, yaani inchi 63. Na urefu huo unaishia kwenye kigongo, kichwa hakimo.

Halafu futi kamba yangu ikaishiwa. Ya fundi wa nguo ina inchi 60, kwa sababu hakuna binadamu wa Limuru aliyewahi kunidai zaidi. Tukatafuta kamba ya katani isiyovutika. Mzee alishika ncha moja katikati ya kifua, penye kishimo kidogo kati ya misuli miwili, mimi nikaipitisha kwenye sehemu ya bega iliyotokeza zaidi, nikaenda nayo sawasawa na ardhi mpaka ukingo wa nyuma wa paja. Nikafunga fundo, nikaenda kuilaza kamba sakafuni. Inchi 78.

Nikarudia. Inchi 75.

Mara ya tatu, inchi 76 na nusu. Kwa mteja wa kawaida ningeshuku kwamba anavuta tumbo ndani. Mzee ndiye aliyeniambia nitazame chini. Bizari alikuwa anapumzisha mguu mmoja wa nyuma, kisha anabadilisha, kisha anasogeza wa mbele hatua nusu ili anuse mfuko wangu. Kila mguu ukisogea, bega au paja linaenda nao. Tukamsogeza mpaka sakafu ya saruji, miguu minne ikae kama ya meza, shingo isiwe juu wala chini. Mara tatu mfululizo tukapata inchi 76 upande wa kushoto na 76 upande wa kulia.

Vipimo vingine: kigongo hadi mkia, inchi 57. Uti wa mgongo kushuka ubavuni mpaka chini kidogo ya kiwiko cha mguu wa mbele, inchi 35. Shingo, kuanzia inchi 3 mbele ya kigongo kushuka mpaka katikati ya kifua, inchi 26 kila upande, ukiacha nafasi ya kiganja.

Nilipofika nyumbani nilinusa kama zizi. Binti wa dada yangu, ambaye ninamfundisha kazi, amekataa kula nami meza moja.

6 Juni

Urefu ni inchi 76. Blanketi la zamani ni 75, na saizi zao hupanda kwa inchi 3, kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa karibu naye zaidi. Kwa nini basi limemchubua? Inchi moja haiwezi kung'oa nywele za mabega yote mawili.

9 Juni

Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Nimepata blanketi mbili za sufu za mitumba, nzito, hazina shimo. Moja nadhani ni la Raymond ya zamani, kile kiwanda cha Eldoret, kwa jinsi lilivyo na rangi ya ukoko. Kwa ajili ya nje nilinunua turubai la plastiki, lile la kufunika lori, kwa sababu mvua ya huku si ya kuanguka, ni ya kuelea. Nikashuka Kamukunji kwa mafundi chuma nikanunua bizimu nne na pete nane. Mikanda nimeikata kwenye mabegi ya safari yaliyochakaa.

10 Juni

Nashukuru sikukata turubai jana usiku. Mzee alishauri tulijaribu kwanza likiwa zima: tukamtandika Bizari blanketi la sufu, turubai juu yake, tukafunga kwa kamba nyepesi, na mzee akakaa naye bandani tangu saa nane usiku hadi saa kumi na mbili. Mvua haikuingia hata tone. Lakini nilipopitisha mkono ndani asubuhi, sufu ilikuwa imelowa kama kitambaa kilichofunika sufuria ya wali. Jasho na pumzi ya ngozi yake vilikosa pa kutokea. Farasi mzee, aliyekonda, amelowa, na nje kuna ukungu: heri angelala bila chochote.

Hapo mzee akanipa somo ambalo sikuliomba. Farasi mzima mwenye manyoya yake kamili na nyasi za kutosha tumboni havai blanketi kwa baridi ya Limuru. Nyasi zikichacha kwenye utumbo mkubwa humpa joto toka ndani, na manyoya yakisimama hushika hewa. Wanaovaa ni walionyolewa manyoya kwa ajili ya mashindano na polo, wagonjwa, na wazee kama Bizari ambao meno yamekwisha na nyasi hawazitafuni vizuri. Ukitaka kujua kama amesikia baridi, usishike masikio. Ingiza kiganja nyuma ya bega, chini ya blanketi. Pakiwa pakavu na pana uvuguvugu, mwache alivyo.

Turubai la plastiki nimelifanya paa la kuku. Nje nitatumia turubai la pamba, lile zito la mahema. Nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kuziba matundu, na bado hupitisha hewa.

12 Juni

Pateni, yaani kielelezo cha karatasi cha kukatia kitambaa. Nimeunganisha karatasi za mifuko ya simiti kwa gundi ya unga mpaka nikapata ukurasa wa futi saba. Duka lote limekuwa farasi.

Tatizo la kitambaa: turubai lina upana wa inchi 60. Blanketi linahitaji 35 na 35, yaani 70, kutoka pindo la kushoto kupita mgongoni hadi pindo la kulia. Njia rahisi ni vipande viwili na mshono katikati ya mgongo, kama shati la nyuma. Mzee alikataa kabla sijamaliza sentensi. Mshono wa mgongoni ndipo maji yanapoingilia, na ukikaa juu ya uti wa mgongo wa farasi aliyekonda unamfanyia kazi ya msumeno. Basi nimelaza kitambaa kizima kwa urefu, katikati yake juu ya uti, na zile inchi 5 zinazopungua kila upande nitazipachika chini kama utepe, mahali ambapo maji yameshateremka na mwili hauguswi. Kusema kweli nimejisifu kidogo.

14 Juni

Jaribio la kwanza, kwa shuka kuukuu la kitanda, la maua. Bizari alipoliona likipepea alirudi nyuma hatua nne na kutoa sauti ya kufungua soda. Mzee akalikunja mara tatu, akamwachia alinuse, akaliweka mbele juu ya shingo, ndipo akalikunjua taratibu akilivuta kwenda nyuma. Siku zote blanketi huwekwa mbele zaidi kisha huvutwa kufuata mlalo wa manyoya. Likipita mno usilisukume kurudi mbele, livue uanze upya. Manyoya yaliyogeuzwa chini ya uzito wa usiku mzima huwasha, na farasi anayewashwa hujikuna kwenye kila nguzo.

Akiwa amesimama, lilimkaa kama suti ya bwana harusi. Nikapiga picha. Kisha mzee akatupa nyasi chini.

Bizari aliinamisha kichwa, akasogeza mguu wa kushoto mbele, na shuka likakaza kwenye bega mpaka ua moja likachanika. Hapo nikakumbuka kwamba nimempima mnyama huyu katika mkao ambao yeye mwenyewe haukai. Mteja wangu wa suti husimama, hukaa, basi. Huyu karibu siku nzima kichwa kiko chini, mguu mmoja mbele.

15 Juni

Nimepanua shingo. Kutoka 26 kila upande hadi 28. Panapobana panapanuliwa, ndivyo nilivyofundishwa.

18 Juni

Ndivyo nilivyofundishwa vibaya.

Tulimwacha na shuka lililopanuliwa kwa saa tatu uwanjani. Lilipovaliwa saa tatu asubuhi, ukingo wa shingo ulikuwa mbele ya kigongo. Saa sita mchana ulikuwa nyuma yake, karibu inchi 5. Shuka zima lilikuwa limerudi nyuma, na kwa kuwa kifuani limefungwa, lilikuwa linamvuta mabega kama mtoto aliyening'inia kwenye mkoba wa mama yake. Michubuko ya mabega iko palepale pa blanketi la zamani. Pahali hasa.

Nilikaa kwenye ndoo nikamtazama akila kwa muda mrefu. Shingo ikiwa kubwa, hakuna kinacholizuia blanketi lisiteleze kurudi kwa kila hatua. Linateleza mpaka linakutana na kitu kipana cha kulisimamisha, na kitu hicho ni ncha za mabega. Kisha linamwegemea hapo kutwa. Mtu akiona mchubuko anadhani blanketi linabana, ananunua kubwa zaidi, nalo linateleza zaidi. Blanketi la tajiri halikuwa dogo. Lilikatwa kwa ajili ya farasi mnene mwenye shingo nene na kifua kipana, na Bizari amejengwa kama mbao: mwembamba, kigongo kirefu. Urefu wa ubavu ulikuwa wake, shingo ilikuwa ya mwingine.

Tumembana mzee maswali, mimi na binti. Kasema saisi wote wanajua kwamba blanketi likirudi nyuma halifai, ila hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Kwa hiyo: shingo irudi ndogo, 25, hata chini ya kipimo changu cha kwanza, ikae mbele ya kigongo na isiweze kuvuka. Na nafasi ya mguu kwenda mbele itoke mahali pengine. Pale chini ya ukingo wa shingo, mbele ya bega, nitachana wima na kupachika kipande cha pembetatu, ncha yake juu ya ncha ya bega, mdomo wake chini. Mguu ukienda mbele kinafunguka, ukirudi kinajifunga. Ni kilekile ninachowawekea kina mama wa kwaya kwenye sketi ili wapande jukwaa.

21–24 Juni

Kushona. Siku nne ambazo sitaki kuzieleza sana. Turubai, sufu, bitana, na ukingo wa mkanda vikikutana pamoja, cherehani yangu ya kukanyaga inagoma kama punda. Sindano namba 18, tano zimevunjika, moja ikaruka ikapita sikioni kwa binti. Pembe nne za kifuani nimempelekea fundi viatu wa hapo stendi, akazipiga kwa msharasi na uzi wa viatu, kila tundu kwa mkono.

Kwenye mabega nimetandika ndani satini ya bitana ya koti, laini, ili manyoya yateleze yasisuguliwe na sufu. Kwenye kigongo nimeshona mito midogo miwili ya sufu, mmoja kila upande wa uti, katikati nimeacha mfereji wa vidole vitatu. Mzee alinionyesha farasi mwingine mwenye nywele nyeupe kigongoni, madoa mawili kama chumvi. Hakuzaliwa nazo. Mgandamizo wa muda mrefu huharibu kinachotia rangi kwenye ngozi, nywele zinazoota baadaye huwa nyeupe, na hazirudi. Nyuma kwenye matako nimepiga dati mbili, yaani mikunjo ya kushonwa, ili kitambaa kishuke na umbo lake kisisimame kama paa. Mishono yote ya nje nimeisugua nta ya nyuki, nikaipitishia pasi ya moto.

2 Julai

Kuvalisha lililo kamili. Asubuhi ilikuwa ya kutoa moshi mdomoni.

Kwanza kifua. Bizimu mbili, na kiganja changu kinapita bapa kati ya blanketi na kifua. Kisha mikanda miwili ya tumbo, ambayo lazima ipishane katikati chini ya tumbo kama herufi X, ikilegea upana wa kiganja. Ikikaza, farasi hawezi kulala na kuinuka. Ikilegea mno, kwato la nyuma linaingia humo na siku yako imeharibika. Mwisho mikanda ya mapajani: mmoja unapita ndani ya mguu wake na kurudi upande wake, wa pili unapitishwa ndani ya kitanzi cha wa kwanza, ili kila mmoja umvute mwenzake mbali na ngozi. Wakati wa kuvua ni kinyume, mapaja kwanza, kifua mwisho. Ukifungua kifua kwanza na farasi akashtuka, blanketi lote linahamia miguu ya nyuma, na mbio atakazopiga hazitasimama mpaka uzio.

Nilipitisha mkono kigongoni: unaingia, unatoka. Ukingo wa nyuma unaishia pale mkia unapoanzia, kile kipande cha kufunika mkia kimelala. Mzee akatupa nyasi. Bizari akainama, mguu ukaenda mbele, pembetatu ikafunguka kama pepeo la karatasi. Ukingo wa shingo haukusogea.

Tajiri alitoka na kikombe cha chai, akatazama, akauliza kama lipo la rangi nyingine.

9 Julai

Wiki moja. Satini imeshika nywele chache, lakini ni za kawaida za kupukutika. Bega la kulia safi. Bega la kushoto kuna alama ndogo kama sarafu ya shilingi kumi. Nimeona kisa: bizimu ya chini kifuani upande huo ilipachikwa na fundi viatu nusu inchi juu kuliko mwenzake, kwa hiyo kifua kinafungwa kimepinda na bega moja linabeba zaidi. Nimeifumua nikaishusha. Mvua mbili zimepita. Ndani ni pakavu, isipokuwa pale kwenye utepe wa chini kulia, ambako nta sikuisugua vizuri.

Mzee pia anataka jepesi la kiangazi, la kuzuia wadudu. Usubi wa jioni ndio wanaosambaza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaowaua kwa siku chache, kwa hiyo wavu uwe wa matundu madogo sana na uvaliwe kabla jua halijazama. Kuhusu paange wa mchana, ameomba nilichore milia ya pundamilia. Nilidhani ni mzaha. Kumbe watafiti waliwavisha farasi wa shamba moja huko Somerset, Uingereza, makoti ya milia, meusi na meupe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019: paange walitua mara chache zaidi kwenye milia kuliko kwenye rangi moja. Kwenye vichwa, ambavyo havikuvikwa kitu, walitua sawasawa kwa wote.

Pateni ya simiti nimeikunja juu ya kabati. Kwenye shingo nimeandika kwa kalamu nyekundu: 25, usipanue. Kesho natafuta wavu, na rangi nyeusi isiyotoka ikilowa.